Miale ya gama kutoka juani na msamiati wa kuieleza

Kuna ujumbe ambao umezungushwa kwenye simu zetu kwa miaka mingi. Unasema eti usiku wa leo, kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, mionzi hatari kutoka anga za mbali itapita karibu na Dunia, hivyo kila mtu azime simu yake na kuiweka mbali na mwili. Ujumbe huo hauna tarehe. Kila unapofika, ni "usiku wa leo".

Ni uongo mtupu. Hata hivyo, kwa mwanalugha, kinachovutia si uongo wenyewe bali neno lililoubeba: mionzi. Neno hili tumelitwika mzigo mkubwa mno. Jua la asubuhi lina mionzi. Mgonjwa wa saratani hutibiwa kwa mionzi. Simu hutoa mionzi. Chembe zinazotoka anga za mbali nazo ni mionzi. Neno likishataja kila kitu, halimsaidii msikilizaji kupima hofu yake. Hajui lipi la kuogopa na lipi la kupuuza.

Leo basi nachukua jambo moja la sayansi, nalo ni miale ya gama ambayo jua hutoa linapochafuka. Nitaeleza ni nini na imewafunza nini wanasayansi. Papo hapo tutapima maneno yetu, tuone yapi yanabeba maana na yapi yanaimwaga njiani. Nimesikia mara nyingi, hata katika vikao vya wasomi, kwamba Kiswahili ni lugha ya ushairi na siasa lakini ikifika kwenye fizikia "inakwama". Hoja ya namna hiyo haijibiwi kwa kelele. Hujibiwa kwa kueleza fizikia.

Tuanze na mwanga. Mwanga tunaouona kwa macho ni sehemu ndogo ya jamii kubwa. Mawimbi ya redio, joto linalotoka kwenye jiko la makaa, urujuanimno unaochoma ngozi, eksirei za hospitali na miale ya gama, vyote ni ndugu wa baba mmoja. Vyote husafiri kwa kasi ile ile, na kutoka juani hutufikia kwa muda wa dakika nane na ushei. Tofauti yao ni kiasi cha nishati. Mwanga huja katika vifungu vidogo sana viitwavyo fotoni, na nishati ya kila kifungu hupimwa kwa kipimo kiitwacho elektronivolti. Fotoni ya mwanga wa kawaida hubeba elektronivolti mbili hivi. Ya eksirei hospitalini hubeba makumi ya maelfu. Ya gama hubeba mamia ya maelfu, mamilioni, hata mabilioni.

Hapa napendekeza tusimamie neno mwale, wingi miale, kwa kila kilicho mwanga. Lisichanganywe na mwali, ambalo ni ulimi wa moto, na ambalo kule Pwani ni pia msichana aliyewekwa ndani akifundwa. Na gama je? Wapo wanaoona aibu tukitohoa, kana kwamba tumeshindwa. Lakini Kiingereza nacho kiliazima. Mwanafizikia Ernest Rutherford alipoipa miale hii jina mwaka 1903, alichukua tu herufi ya tatu ya alfabeti ya Kigiriki, kwa kuwa alfa na beta alikuwa ameshazitumia. Hakuna ubongo wa Kiingereza uliosumbuka kuunda neno hilo. Sisi tunalikaribisha kwa tahajia yetu na kazi inaendelea.

Sasa twende juani. Kuna wakati sehemu ndogo ya uso wa jua hung'aa ghafla na kumwaga nishati nyingi kwa dakika chache au saa kadhaa. Vyombo vyetu vya habari hupenda kuliita tukio hili mlipuko wa jua. Mimi naona mwako wa jua ni bora. Anayepinga atasema kuwaka kunahitaji oksijeni na juani hakuna moto wa kuni. Kweli, lakini kitenzi waka katika Kiswahili hakijafungwa kwenye moto. Taa ya umeme huwaka. Simu huwaka. Jua lenyewe, tangu enzi za mababu, huwaka. Neno lipo tayari, na linasema kile hasa kinachotokea: mwanga umezidi.

Mlipuko una tatizo jingine. Juani hutokea mambo mawili ambayo mara nyingi hufuatana lakini si kitu kimoja. La kwanza ni huo mwako, yaani mwanga. La pili ni jua kurusha angani maada yake yenyewe, mabilioni ya tani za gesi yenye chaji. Hili la pili ningeliita mfoko, kutokana na foka, kitenzi tunachotumia kwa maji yanayochemka hadi kumwagika na kwa volkano. Tukiyaita yote mlipuko, tunapoteza habari iliyo muhimu kuliko zote: mwako hutufikia kwa dakika nane, ilhali mfoko huchukua kati ya nusu siku na siku kadhaa.

Tofauti hii ilionekana mapema. Tarehe 1 Septemba 1859, Mwingereza Richard Carrington alikuwa akichora madoa ya jua alipoona mwanga mkali ukijitokeza juu ya madoa hayo na kutoweka baada ya kama dakika tano. Ilipita kiasi cha saa 17 ndipo dhoruba ya sumaku ilipoikumba Dunia na kuvuruga mitambo ya telegrafu huko Ulaya na Marekani. Aliouona Carrington ni mwako. Uliovuruga telegrafu ni mfoko.

Nguvu ya kuwasha mwako hutoka wapi? Hutoka kwenye sumaku. Wanaistilahi wetu wametupa uga wa sumaku, na ni neno zuri, kwa kuwa uga ni uwanja ambamo mambo hutendeka. Gesi ya jua ina chaji, nayo huburura nyuga za sumaku, ikizivuta na kuzisokota kama mtoto anavyovuta ukanda wa manati. Zikivutwa kupita kiasi hukatika na kuungana upya kwa umbo tulivu zaidi, na nishati iliyokuwa imefungiwa humo hufyatuka. Sehemu ya nishati hiyo huipasha gesi joto. Sehemu nyingine huzirusha chembe za atomu kwa kasi ya ajabu.

Chembe hizo ni za aina mbili kuu. Kuna elektroni, ambazo ni nyepesi, na kuna viini vya atomu, hasa protoni, ambazo ni kiini cha haidrojeni. Protoni moja ina uzito wa elektroni zaidi ya 1,800. Neno kiini, kwa kupitia tu, ni jibu tosha kwa wanaosema lugha yetu haina istilahi. Tuna kiini cha yai na kiini cha jambo, na hatukuona taabu kuwa na kiini cha atomu. Neno ambalo Kiingereza hutumia lilitoka kwenye Kilatini, na huko lilimaanisha kokwa. Njia ni ile ile.

Sasa tufike kwenye fumbo. Elektroni ni wapiga kelele. Zikikimbia na kugonga gesi nzito hutoa eksirei; zikizunguka kwenye uga wa sumaku hutoa mawimbi ya redio. Kwa hiyo wanasayansi walizijua mapema. Protoni, kwa sababu ya uzito wake, ni kimya. Zinaweza kubeba nishati nyingi na zisionekane katika eksirei wala redio. Ni kama msafara wa malori yanayopita usiku bila taa: unajua tu kuna pikipiki kwa sababu ndizo zinazopiga honi.

Malori hayo hujulikana yanapogonga. Protoni iliyorushwa ikishuka kwenye tabaka nzito za jua hugonga viini vya kaboni, oksijeni, neoni, chuma na vinginevyo. Kiini kilichogongwa hutikisika, kisha hutulia kwa kutoa mwale wa gama. Na hapa ndipo raha ya jambo ilipo: kila kiini kina kiwango chake cha nishati, hakibadilishi. Kaboni hutoa mwale wa elektronivolti milioni 4.44. Oksijeni, milioni 6.13. Mtu aliyelelewa kwenye ngoma za Pwani husikia akiwa nje ya ukuta akajua sasa ni chapuo, sasa ni vumi, sasa ni msondo, bila kumwona mpigaji. Darubini ya gama hufanya vivyo hivyo. Hupanga miale kwa nishati, na mwanasayansi husoma ni viini gani vimegongwa na kwa wingi gani.

Kuna sauti mbili zaidi. Protoni zikigonga viini huvunja baadhi na kutoa nyutroni. Nyutroni haina chaji, sumaku haiitambui. Huzurura ikipunguza kasi hadi inaswe na haidrojeni kwenye uso wa jua, na zikishikana huundwa haidrojeni nzito pamoja na mwale wa elektronivolti milioni 2.223. Kwa vile mzururo huo huchukua muda, mwale huu huchelewa kiasi cha dakika moja na nusu hivi nyuma ya mingine. Kuchelewa kwenyewe ni habari: hutuambia gesi ya mahali pale ni nzito kiasi gani, na ina kiasi gani cha aina fulani ya heliamu ambayo nayo hunasa nyutroni lakini bila kutoa mwale.

Sauti ya pili ni ya elektronivolti 511,000. Hii hutokea pale elektroni inapokutana na pacha wake kinyume, positroni, na zote mbili zikatoweka kwa kugeuka kuwa miale. Hiyo ni maada kinzani, iliyotengenezwa juani wakati wa mwako. Katika mwako mmoja mkubwa wa mwaka 2002 wanasayansi walikadiria kwamba ilitengenezwa kama nusu kilo ya maada hiyo.

Haya yote hayaonekani kutoka ardhini. Hewa yetu hufyonza miale ya gama kabla haijatufikia, na ni jambo la kushukuru. Ndiyo maana mwaka 1958 watafiti wa Marekani, Laurence Peterson na John Winckler, walipata dalili ya kwanza ya mwanga wa aina hii kutoka juani kwa chombo kilichoning'inia chini ya baluni juu ya Kuba. Baadaye zikaja setilaiti. Tarehe 4 Agosti 1972 setilaiti ya Marekani iitwayo OSO-7, ikiwa na kifaa cha Edward Chupp na wenzake wa Chuo Kikuu cha New Hampshire, ilinasa kwa mara ya kwanza sauti nilizozitaja: ya positroni, ya nyutroni, ya kaboni na ya oksijeni. Kutoka siku hiyo haikuwa dhana tena kwamba viini hugongana kwenye uso wa jua. Ulikuwa ushahidi.

Msomaji asidhani haya ni mambo ya ng'ambo pekee. Miezi mitatu baadaye, Novemba 1972, setilaiti SAS-2, iliyotengenezwa mahsusi kutafuta miale ya gama kutoka kwenye nyota na galaksi, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi. Kabla yake, tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa hilo hilo, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru. Mmoja wa wakuu wa mradi huo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Hivyo neno la Kiswahili limeandikwa katika vitabu vya unajimu wa kisayansi duniani kote. Ajabu ni kwamba mtoto wa Kenya hulikuta humo likiwa limezungukwa na Kiingereza.

Turudi juani. Mwaka 2002 Marekani ilirusha RHESSI, setilaiti iliyoweza si kusikia tu bali pia kuonyesha sauti inatoka upande gani. Tarehe 23 Julai mwaka huo ulitokea mwako mkubwa. Wengi walitarajia kwamba elektroni na protoni, kwa kuwa zimerushwa na sumaku ile ile, zingetua mahali pamoja. Hazikutua pamoja. Chanzo cha mwale wa nyutroni, ambacho ni alama ya protoni, kilikuwa kama kilomita 15,000 kutoka mahali eksirei za elektroni zilipotoka. Umbali huo unazidi upana wa Dunia yetu. Maana yake ni kwamba jua lina njia za kuchambua chembe zake na kuzipeleka kando kando. Isingekuwa miale ya gama, tungeendelea kuamini kwamba palipo pikipiki ndipo palipo malori. Na malori si machache: vipimo vya gama vimeonyesha kwamba nishati inayobebwa na viini katika miako mingine inakaribia ile ya elektroni.

Mwaka 2008 ikaja Fermi, darubini inayoona miale yenye nguvu zaidi. Tarehe 7 Machi 2012 ilinasa miale ya hadi elektronivolti bilioni nne, na miale hiyo mikali haikukoma mwako ulipokoma. Iliendelea kwa saa 20 hivi. Miale ya aina hii hutoka kwenye chembe ziitwazo pioni, na pioni haziwezi kuzaliwa ila protoni zigongane kwa nguvu kubwa kupindukia. Kisha tarehe 1 Septemba 2014 Fermi iliona gama kutoka upande wa jua unaotuelekea, ilhali mwako wenyewe ulikuwa umetokea nyuma ya jua, mahali tusipopaona. Protoni zilifikaje mbele? Maelezo yanayoungwa mkono na wengi ni kwamba zilisukumwa na mfoko. Gesi iliyorushwa hutangulizwa na wimbi la mshtuko. Wimbi hilo huzidi kuzichapuza protoni kwa muda mrefu na mahali papana, na baadhi hufuata nyuga za sumaku hadi uso wa jua kwingineko. Mjadala haujaisha. Lakini tazama: asiyetenga mwako na mfoko kwa maneno mawili hawezi hata kulielewa swali.

Haya yanatuhusu vipi? Ule mwako wa Agosti 1972 ulifuatwa na chembe nyingi sana zilizofika hadi maeneo ya Dunia. Wanaanga wa Apollo 16 walikuwa wamerejea Aprili. Wa Apollo 17 waliondoka Desemba. Lau tukio hilo lingewakuta watu wakitembea mwezini, wangepata madhara makubwa mwilini. Sasa binadamu anajiandaa kurudi mwezini. Kujua jua hurusha protoni wakati gani, na kwa njia zipi, ni suala la uhai.

Miale ya gama husaidia, kwani mwanga hutangulia na chembe hufuata nyuma. Lakini tusizidishe. Protoni zinazotoa gama ni zile zilizogonga jua. Zinazotuhatarisha ni zile zilizolikimbia. Dalili ya mvua ni mawingu, ila si kila wingu hunyesha.

Na sisi tulio ardhini? Gama ya jua haitufikii, hewa inaizuia. Chembe zenye chaji huzuiwa na hewa na kukengeushwa na uga wa sumaku wa Dunia, na karibu na ikweta, tuliko sisi, kinga hiyo ya sumaku ndiyo imara zaidi. Kinachoweza kuguswa ni mawasiliano: redio za masafa mafupi upande wenye mchana, na usahihi wa vifaa vya kuonyesha mahali. Kuzima simu saa sita na nusu usiku hakumkingi mtu na chochote, tena wakati huo jua liko upande wa pili wa Dunia.

Mtu anayejua kutenga mwale na chembe, mwako na mfoko, huusoma ujumbe ule wa simu na kuuliza maswali mawili: ni mwanga au ni chembe? Unatoka wapi? Hapo uongo unakosa pa kusimama. Neno mionzi libaki, lakini libaki jina la jumla, kama vile "chakula". Huwezi kumwambia mpishi apike chakula ukategemea atajua umetaka biriani.

Natoa mapendekezo yangu kwa walimu wenzangu na kwa taasisi zinazosanifisha istilahi, hapa kwetu na kwa ndugu zetu wa Tanzania: mwale kwa mwanga, chembe kwa kilicho na uzito, mwako kwa mwanga wa ghafla wa jua, mfoko kwa maada inayorushwa. Aliye na maneno bora ayalete, tuyapime kwa kazi. Ila tusingoje kamusi ikamilike ndipo tuanze kueleza. Maneno mengi niliyotumia leo mwanafunzi wa darasa la nane anayajua tayari. Anachokosa ni mtu wa kumkalisha na kumwonyesha kwamba kiini, uga na mwako anavyovitaja nyumbani vinafika hadi juani.